Askari wa Kifungo na Dirisha la Sebuleni

Nyumba ya binti yangu ina dirisha moja tu lenye mwanga wa maana, lile la sebuleni linalotazama ukuta wa jirani uliopakwa chokaa. Kuanzia saa tatu asubuhi jua hugonga ule ukuta, mwanga ukarudi ndani mweupe, usioumiza jicho. Cherehani yangu ilikuwa inalitaka dirisha hilo. Kiti cha mkwe wangu kilikuwa kimelikalia.

Huyu mkwe ni baba wa mume wa binti yangu, mwalimu mkuu mstaafu. Sote wawili tumefiwa na wenzetu, tukaletwa hapa tulelewe na watoto tuliowalea. Yeye alinitangulia wiki mbili, akalichukua dirisha kwa ajili ya gazeti lake. Mimi nikapewa ushoroba, chini ya balbu, nishone humo sare za shule. Kutunga uzi tu ilikuwa safari.

Nilipolalamika, akaleta haki. "Tucheze sataranji, mkwe. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Atakayeshinda, dirisha ni lake mwezi mzima."

Sikuwa nimewahi kuushika mchezo huo. Akajitolea kunifundisha yeye mwenyewe, kwa moyo mweupe kabisa. Akanifunga mara saba.

Mara ya nane alimpoteza askari mmoja mapema, wakati akinieleza jinsi ya kuchunga askari. Tukalana taratibu, wakubwa kwa wakubwa, mpaka kila mtu akabaki na mfalme na ngome moja. Yeye alikuwa na askari wawili upande wa kulia, na wangu wawili wamewakabili. Wa tatu wangu alikuwa peke yake ukingoni kushoto. Huyo hakuwa askari hasa. Alikuwa kifungo cha koti, maana wa mbao alipotea zamani.

"Umenizidi kidogo," mkwe akasema. "Lakini kidogo kinataka ujuzi. Haya, mkimbize huyo kifungo wako."

Mwenye kukuzidi ujuzi akikupa shauri la bure, ligeuze ulitazame upande wa ndani. Nguo nayo, ikikaribia kwisha ndipo sindano huingia kidoleni. Nikamrudisha mfalme wangu hatua moja nyuma. Zamu iliyofuata nikamsogeza pembeni. Kisha nikampandisha tena kwa njia nyingine.

"Mkwe, hiyo ni nini?"

"Nacheza."

"Mfalme ameenda, amerudi."

"Alisahau kitu nyumbani."

Binti yangu akapita na beseni la nguo. "Baba, bado hujammaliza mama?"

"Anajichosha mwenyewe," akamjibu. Halafu akanigeukia kwa upole. "Tuite sare, mkwe. Si aibu kwako."

"Tukienda sare, dirisha la nani?"

"La aliyelikalia."

"Basi tuendelee."

Taarifa ya habari ya redioni ilikuwa saa saba. Ilipobaki robo saa akaanza kuitazama redio kuliko ubao. Kwa mkono wa mtu anayefukuza inzi, akamsukuma askari wake mmoja mbele, mbali na mwenzake. Nikaielekeza ngome yangu kwake, polepole, kama mtu anayesalimia.

Kumlinda kungehitaji subira, na subira ilikuwa imemwishia. Akaileta ngome yake uso kwa uso na yangu. "Tubadilishane, tumalize mambo."

Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba aliyezidi kidogo huombea wakubwa waondoke ubaoni. Nikaila ngome yake, mfalme wake akaila yangu. Ndipo kifungo kikaanza kutembea.

Mfalme wake ikabidi amkimbilie, maana askari akifika mwisho huwa malkia. Akaenda kushoto, hatua baada ya hatua. Mfalme wangu akaenda kulia. Kifungo kikakamatwa karibu kabisa na mlango wa ufalme, Mungu akirehemu, lakini mfalme wake alipogeuka alikuta askari wake wote wawili wameshaliwa, na mmoja wangu amebakiza hatua mbili.

Redio ikasoma habari zote pasipo msikilizaji.

"Nimefundisha vizuri," akasema hatimaye, akamlaza mfalme wake. Kisha akashika upande mmoja wa cherehani tukaihamisha, yeye akiagiza jinsi ya kubeba.

Jumatatu, saa tatu kamili, nikaketi dirishani. Nguo ya kwanza ilikuwa suruali yake ya kahawia, aliyoileta nikaze kifungo. Nikaitandaza kwenye ule mwanga mweupe. Pindo nililomshonea miezi minne nyuma lilikuwa limepanda na kushuka kama njia ya mbuzi, na mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kwa pingili nzima ya kidole.

Nikaipeleka ushorobani. Alikuwa chini ya balbu, gazeti limemkaribia pua.

"Mkwe, hii umekuwa ukiivaa hivi hivi?"

"Nilikuwa naegemea mguu mmoja."

"Miezi minne, na hukuniambia?"

Akafunua ukurasa ambao najua hakuwa ameusoma. "Ningekuambia huoni vizuri huku, si ungelidai dirisha?"

Nikarudi kwenye mwanga wangu, nikachukua wembe, nikaanza kufumua. Baada ya muda akauliza kutoka kule gizani suruali itakuwa tayari lini. Nikamwambia mwezi ndiyo kwanza umeanza.