Hapa Ngazini Kuna Upepo

Saadia binti Muhdhar alikuwa akipangusa santuri kwa kipande cha leso kuukuu, adhuhuri imeshasaliwa, feni ikizunguka kwa uvivu na harufu ya viazi vya karai ikipanda kutoka mtaani. Chumba kile cha juu, katika nyumba ya kwao Mji wa Kale, sasa ni maktaba ya muziki. Zamani ndimo marehemu babake alimorekodia nyimbo zake. Aliiweka santuri kwenye gramafoni, akashusha sindano. Sauti ya babake ikatoka kwenye spika. Mdundo wa ngoma ya dumbak ukatoka ngazini.

Alikwenda mlangoni kutazama. Musyoka, mpiga ngoma wa babake, alikuwa ameketi kwenye kidato cha juu, nje ya kizingiti, na shati lake la kazi ya reli, ngoma pajani, akipiga. Alikuwa amekufa miaka mingi nyuma na kuzikwa kwao Mwala, bara. Saadia alimsabahi, akaitikiwa kwa adabu, akarudi kupangusa.

Kuwapo kwake hakukumsumbua. Nyumba za mawe zina ngazi nyingi, na wafu nao huchoka kusimama. Kilichomsumbua ni kwamba alijua kwa nini mzee yule yuko pale. Enzi zile maikrofoni ilikuwa moja, na dumbak ikikaa karibu nayo humeza sauti ya mwimbaji. Basi mpigaji aliwekwa nje, mlango ukaachwa wazi kidogo. "Kaa hapa ngazini, Musyoka," babake alikuwa akimwambia kila mara, "kuna upepo." Hiyo ilikuwa kazi, haikuwa na ubaya. Ubaya ulikuja santuri zilipotoka. Jalada liliandikwa: sauti, udi na dumbak, Muhdhar. Watu wakamsifu, mtu mmoja kama ana mikono minne. Babake akacheka, akanyamaza, na mji mzima ukaumeza uongo ule.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tusemavyo. Musyoka hakuwa kwao.

Tangu mchana ule Saadia alipomkuta kidatoni, kila santuri ya Muhdhar ilipopigwa, ngoma zilitoka ngazini. Waliokuja kusikiliza walizoea. Walisema, "Samahani, mzee," naye akakunja magoti wapite. Muuza kahawa akipita humjazia kikombe, na mazungumzo yao yalikuwa ya joto na bei ya unga, kama ya watu wote.

Habari zikafika mtaa wa Ganjoni, anakosomesha Ndinda, bintiye Musyoka. Alikuja jioni moja na madaftari ya wanafunzi kwapani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, na pigo halikumponyoka.

Ndinda aliingia, akaketi, akakataa sharubati.

"Dada Saadia, mbona wamuweka nje?"

"Sikumuweka mimi. Ndipo alipokuwa."

"Basi mkaribishe. Babangu haingii kwa watu bila kukaribishwa, hata angekufa mara mbili. Na nasikia mwachapa majalada mapya. Mtieni jina lake. Sitaki jengine."

"Inshallah," akasema Saadia.

Kwetu Mombasa inshallah yaweza kuwa ndiyo, na yaweza kuwa mlango unaorudishwa pole pole. Ndinda alizaliwa Mombasa. Aliyakusanya madaftari yake, akasema atakuja siku ya hafla ya kuyazindua majalada.

Saadia alimweleza nduguye Awadh, ambaye ndiye aliyekuwa akishughulikia uchapaji. Awadh hakugomba. Aliuliza tu, "Wataka kumfanya babetu muongo kaburini?" Saadia akarudi chumbani kwake. Alilala akilipima, jina la mmoja na heshima ya mwengine, na aliona haya kwamba jambo kama lile lahitaji kupimwa.

Siku ya hafla wageni walipanda baada ya alasiri, wanaume kwa kanzu, wanawake wamejifukiza udi. Kila mmoja alimruka Musyoka kwa kuinua pindo. Halwa ikapitishwa. Ndinda aliketi karibu na mlango. Awadh akashusha sindano, na dumbak ikalia ngazini vizuri hata Bwana Zaki, mjuzi wa taarab, akafumba macho na kutikisa kichwa.

"Mkono wa marehemu Muhdhar huo," alisema. "Hatazaliwa mwengine."

Wimbo ukaisha. Katika ule ukimya, Musyoka akasema, "Hodi."

Hapana aliyeshituka, wala aliyejibu. Kwa desturi yetu hata adui akipiga hodi huambiwa karibu, maneno mengine yafuate baadaye.

"Hodi."

Wageni waliangalia vikombe vyao, kisha wakamwangalia Saadia, kwani karibu ni ya mwenye nyumba. Uso umeumbwa na haya, na wake uliwaka. Wote walikuwa wamemruka yule mzee. Wote walijua. Lakini kumjua mtu ngazini si sawa na kumkalisha sebuleni. Neno lilikuwa pale pale, ulimini, na Awadh alikuwa akimtazama.

"Hodi," akasema Musyoka mara ya mwisho, kwa upole.

Saadia akainuka. Ndinda naye akainuka, uso umemfunguka. Saadia akachukua mto wa mahameli, ule mzuri wa kochi, na kisahani cha halwa, akatoka, akainama, akautandika mto juu ya kidato.

"Kalia huu, mzee," akasema. "Hapa ngazini kuna upepo."

Aliyasikia maneno yakimtoka, akajua ni ya nani, akatamani ngazi ile impasukie chini ya miguu. Haikupasuka. Musyoka alijiinua, akakalia mto, akajipangia ngoma pajani. "Ahsante, mama," akasema.

Ndinda alimgusa babake begani, akashuka. Hakuaga.

Majalada mapya yako rafuni hadi leo: sauti, udi na dumbak, Muhdhar. Mzee yuko ngazini. Kila Alhamisi Saadia huivua foronya, huifua kwa mkono, huipiga pasi na kuirudisha. Wageni wakipanda huuona mto ule na kumsifu kwa ukarimu, naye huwashukuru huku akitazama sakafu.