Anayerusha Arushe Tu

Asubuhi ile kwenye uwanja wa ndege wa Jinja, Ramlah, muuza vitenge wa Bugembe, alimtania rubani mkuu kabla hata hajafunga mkanda.

"Hakim, siku hizi unalipwa kwa kulala. Mashine ndiyo inarusha."

"Basi lala na wewe, dada. Nitakuamsha Mbale."

Abiria wakacheka, ingawa Ramlah alisema kweli. Hakim, Mnubi, mtoto wa askari na mwenyewe askari wa zamani, hakuwa ameishika ndege kwa mikono safari nzima kwa miaka mingi. Akishapaa anabonyeza otopailoti, mashine inashika usukani, yeye anatazama.

Kando yake alikaa rubani msaidizi, Nabifo, binti wa mtaa wa Nabuyonga, Mbale. Hakim ndiye aliyembembeleza baba yake amwache asomee urubani. Kwa hiyo Nabifo alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. Asubuhi afande, jioni afande.

Walifuata barabara ya Tororo. Walipopita Busiu mvua ikawameza. Kulia kwao kulikuwa na mlima Wanale, umejificha ndani ya wingu. Mara kengele ikalia: otopailoti imejitoa.

Kazi ya chumba kile imegawanywa. Mmoja anarusha, hana kazi nyingine. Mwenzake anashika redio, anasoma vipimo, anasema anachokiona. Lakini Hakim alishika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akabonyeza vitufe, akijaribu kuirudisha mashine kazini. Waongozaji ndege wa Soroti wakaita redioni, akawajibu yeye. Ndivyo jeshi lilivyomlea: mambo yakiharibika, mkubwa abebe yote.

Ndege ikaanza kulalia kulia, huku inashuka.

"Afande, tunaelekea mlimani," Nabifo alisema, sauti ya chini, ya adabu.

"Ngoja kidogo."

"Afande, tunashuka."

"Nimesema ngoja!" Macho yake hayakutoka kwenye vitufe.

Nabifo akatazama kipimo cha kimo. Hakukuwa na muda wa adabu tena.

"Hakim! Acha vitufe! Ndege naichukua mimi!"

Hakim akageuka kama mtu aliyezabwa kofi. Kisha akaachia usukani.

"Chukua."

Siku zake za mapumziko Nabifo alikuwa akifundisha wanafunzi pale Jinja, kwenye kindege kisicho na otopailoti. Mikono yake haikuwa na ugeni. Akainyoosha ndege, akaiinua, akaikunja kushoto. Hakim akashika redio, akamsomea vipimo: "Tunapanda. Kasi nzuri. Endelea kushoto." Hakuacha kusoma.

Waliporudi juu ya Busiu wingu likapasuka, wakaona mashamba ya mahindi. Wakazunguka hapo mpaka mvua ikapita, ndipo Nabifo akatua Mbale.

Abiria waliposhuka, Hakim alibaki kitini, simu mkononi.

"Unampigia nani, afande?"

"Mukama, bosi wetu. Anitoe kwenye safari mpaka nifundishwe upya kurusha kwa mikono."

"Lakini abiria hawakujua kitu."

"Wewe ulijua. Ukaniambia, nikakukemea."

"Wanaweza kukutoa kabisa, afande. Umri wako huo."

"Wanaweza."

Nabifo alinyoosha mkono kuizuia simu, akaurudisha. Upande wa pili walishapokea.

"Mukama, ni Hakim. Tumefika. Leo nusura niwagongeshe watu Wanale, na Nabifo ndiye aliyenizuia. Usikate, nikueleze tangu mwanzo."