Wingu la Njia ya Tatu

Wachukuzi walipofika kazini, mtunza ghala alikuwa tayari juu ya ngazi, akifuta matone chini ya paa kwa tambara lililofungwa kwenye ufito. Akifuta bati moja, la pili linatoka jasho. Akifuta la pili, la kwanza linamcheka.

Ugonjwa wenyewe haukuwa siri. Bosi alikuwa akinunua mahindi ambayo hayajakauka, kwa kuwa mahindi yenye maji huvuta mzani. Kisha akaziba matundu yote ya hewa kwa nailoni, akidai upepo unamlia uzito. Usiku magunia yakipumua, pumzi inapanda, inakuta bati la baridi, inarudi chini maji.

"Bosi, tufungue hata matundu mawili. Na magunia tuyabandue ukutani."

"Wewe nimekuajiri utunze ghala au utunze upepo?"

Jumanne pumzi ile ilichoka kupanda na kushuka. Ikajikusanya juu ya njia ya tatu kati ya safu za magunia, ikawa wingu la ukubwa wa turubai la lori, jeusi kwa chini. Likanyesha. Wachukuzi wakaenda kuvaa mabuti.

"Njia ya nne je?" mmoja akauliza.

"Kiangazi. Pita huko kama unaogopa mafua, bwana harusi."

Balaa ni kwamba njia ya tatu ilikuwa na magunia ya mama mkwe wa mtunza ghala, chakula cha nyumba yake mpaka mavuno mengine. Mtunza ghala mwenyewe ndiye aliyembembeleza ayalete, akamwapia kwamba chini ya bati hakunyeshi.

Mama mkwe akaja na mwavuli. Akayafunika magunia, yeye akalowa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Humu mvua imeanza lini?"

"Jumanne, mama."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo, mama."

"Naam. Naona."

Heri angetukanwa. Mtunza ghala akapanda ngazi, akachana nailoni ya tundu moja. Wingu likageuka, likaanza kutoka taratibu, kama ng'ombe mnene anayepita mlango mwembamba. Nusu yake ilikuwa imeshafika barabarani Bosi alipoingia.

"Ziba!"

Kubishana na Bosi ni kuipiga teke sahani yako mwenyewe. Akaziba. Nusu iliyobaki ndani ikasusa, ikanyesha maradufu.

Juma lililofuata mahindi yalichomoza kwenye nyuzi za magunia, mabichi, yakafika magotini. Mama mkwe alivua viatu, akajifunga kanga kiunoni, akaanza kung'oa magugu katikati ya magunia. Wachukuzi wakawa wanamzunguka na mizigo yao, wakimwambia pole na kazi.

Bosi akapita. Akashika jani, akalipima kwa vidole.

"Yanastawi haya. Basi mama, tutagawana nusu kwa nusu. Mbegu zako, mvua yangu."

Mama mkwe akanyoosha mgongo, akamtazama mkwewe. Mtunza ghala akafungua mdomo aseme, tone likamwingia kooni, akapaliwa.

"Na wewe," Bosi akamgeukia, "ukiacha kukohoa, kafunge ule mlango vizuri. Mvua isije ikatutoroka."