Oili ya Boti

Pale Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, mimi Leodegar nilikuwa muuza vyombo, lakini ungenisikia nikizungumza magari ungedhani nilizaliwa chini ya boneti. Nilikuwa na Pijo kuukuu ya dizeli, niliyoinunua kwa padri mmoja aliyerudi kwao, na tangu siku hiyo sikukubali kwamba kuna jambo la injini nisilolijua. Gari likipita injini inagonga, nilitoka dukani na sufuria mkononi, nikatega sikio, nikamsimamisha mwenyewe na kumpa hukumu. Wengi walinishukuru sana. Siku hizi nafikiri walitaka tu niwaache waende zao.

Mwaka wa themanini na mbili bidhaa ziliadimika. Sabuni ilikuwa na foleni, sukari ilikuwa na foleni, lakini oili ya injini hata foleni yake hukujua iko wapi. Na Pijo yangu ilikuwa mzee, inakunywa oili kama ng'ombe wa kiangazi. Wiki ile ile tuliyopanga kwenda kumposea mdogo wangu Anselmi, nilichomoa kijiti cha kupimia oili kikatoka kikavu.

Anselmi alimpenda Clotilda, binti wa Mzee Melkiori wa Magomeni, Mchaga mwenzetu, mtu mzito asiyecheka ovyo. Kwa kuwa baba yetu alishafariki, mimi kaka mkubwa ndiye niliyekuwa msemaji. Nilishajishonea suti ya Kaunda ya kijivu kwa ajili ya shughuli hiyo, na hotuba niliifanyia mazoezi mbele ya masufuria, ambayo yalinisikiliza vizuri kuliko watu.

Jirani yangu Abbasi alisikia habari ya oili. Abbasi ni mtu wa Pwani, alikuwa na boti ya injini na alikuwa akiuza samaki Feri, na sauti yake ilizoea kushindana na wanadi samaki. Alikuja dukani, akaniita kama wanavyotuita Wachaga wote.

"Mangi, nina kopo zima la oili nyumbani. Ya injini ya dizeli. Naitilia boti yangu. Njoo uchukue."

"Ya boti?" nikamwuliza, nikacheka kwa makusudi ili wateja wasikie. "Abbasi, hili ni gari. Hatuendi kuvua samaki Magomeni."

"Dizeli ni dizeli, bwana."

"Kila injini ina heshima yake."

Sijui maneno hayo niliyatoa wapi, ila yalinipendeza, na siku hiyo nilimwambia kila aliyeingia kununua bakuli.

Oili yangu yenye heshima niliipata kwa mtu mmoja Mtaa wa Congo, aliyenitolea kopo chini ya meza huku akiangalia kushoto na kulia. Lilikuwa jipya, jekundu, lina picha ya gari la mashindano. Mke wangu Winifrida alilishika akalizungusha.

"Baba Josepha, hapa wameandika ni ya injini za petroli."

"Hayo ni maneno ya biashara tu, mama."

"Na yako ni ya dizeli."

"Najua yangu ni ya nini."

Nilipoimimina niliona ni nyepesi kama uji wa mgonjwa. Hapo ningeweza kusimama. Badala yake nikafikiri kitaalamu: kama ni nyepesi, dawa yake ni wingi. Nikamimina kopo lote, nikarudi Mtaa wa Congo kuchukua jingine, nikaongeza, mpaka kijiti kikatoka kimelowa hadi shingoni. Nikakifuta kwa kitambaa, nikaridhika.

Jumapili tulitoka kanisani tukaondoka kwa haraka, kwa sababu siku hizo magari binafsi yalikuwa hayaruhusiwi barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Abbasi, niliyemwomba atusindikize kwa sababu ya ulimi wake, alikaa mbele na kanzu nyeupe. Winifrida na Anselmi walikaa nyuma, debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, katikati yao. Barabara ya Msimbazi gari lilikwenda vizuri, nami nikamwambia Abbasi asikilize injini ya kistaarabu inavyonguruma.

Karibu na Faya, kwenye kituo cha zimamoto, ikaanza kunguruma zaidi. Niliinua mguu kwenye mafuta. Ikazidi. Nikakanyaga klachi, na injini ikapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa kitu kisicho na roho. Nyuma yetu moshi wa samawati ulifunika barabara yote, kiasi kwamba mwenye baiskeli aliyekuwa nyuma yetu aliingia ndani yake na hakutokea. Nikasogea pembeni, nikafunga breki.

"Zima!" akapiga kelele Abbasi.

"Nimezima!"

"Zima, Mangi!"

Nikamwonyesha ufunguo. Ulikuwa mkononi mwangu, nje ya tundu lake, na Pijo ilikuwa inaunguruma peke yake. Nilivuta na waya wa kuzimia, ukatoka mzima mzima, nikabaki nao mkono wa pili. Askari wa zimamoto walitoka mbio na ndoo wakauliza moto uko wapi. Nikawaonyesha ufunguo na waya. Winifrida alishateremka, debe la mbege kichwani, akasimama mbali kama asiyetujua.

Abbasi alifungua boneti. "Inakunywa oili yenyewe! Haihitaji dizeli tena! Izibwe pumzi! Vua koti!"

"Si uvue kanzu yako?"

"Kanzu yangu ni nyeupe! Vua!"

Nikavua. Akalikunja koti la suti yangu, akalisukuma kwenye mdomo wa bomba la kuvuta hewa, akaliegemea kwa nguvu zake zote. Injini ililivuta. Niliona mkono mmoja wa koti ukimezwa taratibu, mpaka kwenye vifungo. Kisha Pijo ikakohoa, ikatikisika, ikanyamaza. Watu waliojaa pale walipiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, niliinua mkono kuwapokea.

Gari tuliliacha pale. Mbege tuliipakia kwenye mkokoteni, tukateremka Jangwani kwa miguu, Anselmi hasemi neno, mimi na singlendi yangu na uso mweusi wa moshi.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia Mzee Melkiori mlangoni.

"Marahaba." Aliniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. "Kuna msiba?"

Nikaanza hotuba. Nilifika kwenye heshima ya koo zetu mbili, nikasikia maneno yananitoka, "Kama vile kila injini ina heshima yake," na Abbasi akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akaketi chini, kisha akaeleza yote, pamoja na oili ya boti, pamoja na koti. Mzee Melkiori alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika. Machozi yalimtoka mzee wa watu.

"Huyu mdogo wako," akaniuliza alipopata sauti, "naye anajua magari?"

"Hapana, mzee," Anselmi akajibu haraka, neno lake la kwanza tangu Faya. "Mimi sijui kitu."

"Basi kaeni."

Injini ilikufa, ikafunguliwa yote, na mapato ya duka yakaingia humo miezi mingi. Ilipofungwa, Abbasi alileta kopo lake mwenyewe, akanisomesha maandishi yake kwa sauti mbele ya wateja, neno kwa neno, ndipo akaniruhusu kumimina. Hata kijiti alikisimamia yeye.

Siku ile ya posa mama yake Clotilda alinihurumia akanipa shati la mikono mirefu la mumewe, mtu aliyenizidi kimo na kifua. Tulipigwa picha pamoja nikiwa nimelivaa. Anselmi ameitundika sebuleni kwake mpaka leo, na wageni hawakosi kuuliza ni nani yule anayecheka katikati, asiye na mikono.