Vidole Vitatu Ukutani

"Peniel, nani kagusa ukuta wangu?"

Kijana wa mapambo ya filamu aliangua kicheko. "Bibi Anastazia, mimi na samadi tuligombana tangu utotoni. Sijagusa!"

Anastazia hakucheka. Alikuwa amesiriba ukuta ule mara mbili tangu asubuhi, kwa udongo, majivu na samadi, akiuburuta mkono kama alivyofundishwa, vidole vinne vikiacha mistari minne. Kila aliporudi kutoka kuchota maji aliikuta mistari mitatu, pale pale, karibu na mlango, mibichi.

Mwanamke aliyesiriba kwa mistari mitatu alikuwa mmoja tu hapo Mgori. Dada yake, Winfrida. Kidole chake cha mwisho kilikatwa na mundu wakati wa kuvuna uwele. Alikufa miaka sitini iliyopita.

Watu wa filamu walikuwa wamelikodi tembe la zamani la wazazi wake, nyumba ya udongo ya paa bapa, ili waigize maisha ya Mwalimu Simeoni, yule mwandishi wa vitabu. Simeoni na Winfrida walipendana, nao walikuwa wa ukoo mmoja. Kwa wazee hilo lilikuwa sawa na kumwoa dada yako. Winfrida akafungiwa ndani. Siku ya tatu akatoroka, akaenda kusubiri korongoni, na mvua ikaleta maji yaliyomzoa.

"Shikamoo, Bibi," alisema Michael, mwongozaji wa filamu. "Ukuta ukikauka tu, tunapiga ile picha ya Mwalimu kumtelekeza Winfrida."

"Marahaba. Nani kasema alimtelekeza?"

"Kijiji kizima. Na mwenyewe hakukanusha mpaka anakufa."

"Angekanushaje asichokijua?" alisema Anastazia, lakini kwa sauti ndogo, na Michael alikuwa ameshaitwa kwingine.

Janeth, binti aliyeigiza Winfrida, alimletea chai, akamshikia kikombe kwa sababu mikono ya bibi ilikuwa na udongo. Hakuna aliyemtuma. Anastazia alikunywa taratibu, akimwombea moyoni.

"Bibi," Janeth alinong'ona, "Nasta ni nani? Tangu asubuhi namsikia mtu anamwita, kama yumo humu ukutani."

Chai ilimpalia. Nasta. Ni dada yake tu aliyemwita hivyo, na jina likazikwa pamoja naye.

Wakati ule Anastazia alikuwa na miaka tisa. Winfrida alipenyeza barua kwenye ufa wa mlango, imeviringishwa kwa ganda la hindi. "Nasta, mpelekee Simeoni. Mwambie aje korongoni kesho, kabla jua halijazama." Njiani alimwona baba yao akija na fimbo. Alirudi mbio, akaichomeka barua kwenye ukuta mbichi, akaisiriba juu. Baada ya maziko hakumwambia mtu. Akaolewa, akazaa, akazika mume. Na kila Simeoni alipopita barabarani, watu walimgeuzia mgongo, naye alimsalimia Anastazia kwa upole, kama mtoto asiye na hatia.

Sasa aliweka vidole kwenye mistari mitatu. Ukuta wote ulikuwa umekauka kwa jua la saa kumi. Pale tu palikuwa na baridi ya maji ya kisima. Akakwangua kwa kucha.

"Bibi, unaharibu!" alimaka Peniel.

"Mwacheni," alisema Janeth.

Ganda la hindi lilitoka bichi, kama limemenywa jana.

Edward, aliyeigiza Mwalimu, alikuwa amesimama uani na viatu vya kukodi na kalamu mfukoni, akisubiri ishara ya kuigiza kuondoka kwake. Anastazia alimwendea, akapiga goti kama mtoto.

"Shikamoo, Mwalimu. Dada kanituma. Nimechelewa."

Kijana yule angeweza kuwa mjukuu wake. Hakucheka. Aliinama, akaipokea barua kwa mikono miwili.

"Marahaba, Nasta," akasema.

Janeth akarudi nyuma hatua moja. Zaidi ya Bibi, hakuwa amemtajia mtu jina lile.

Edward alisoma, midomo ikicheza. Korongoni, kulikokauka tangu Mei, ulisikika mvumo wa maji. Edward aliinua uso kutazama jua, akaanza kukimbia kuelekea huko, na Michael, mkono ukiwa hewani, hakumwita.

Jua lilikuwa bado halijazama.