Nusu Saa na Kadi ya Hollis

Watu wa Sydney mwezi wa Oktoba husogeza saa zao mbele kwa saa nzima, ili jua la kiangazi liwafae zaidi jioni. Kisiwa cha Lord Howe, huko baharini mashariki yao, husogeza nusu tu. Nusu, basi, na asiyetaka akae huko kwao bara. Nerida Dowsett, mtunza saa wa kitalu cha mikentia, miti ya mapambo jamii ya minazi, alikuwa akiwaeleza watu wa bara jambo hilo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hadi leo hakuna aliyemwamini mara ya kwanza.

Ijumaa hiyo asubuhi alikuwa na simu ya mezani sikioni, akizungumza na Jarrod, fundi wa kampuni iliyowauzia saa mpya ya kadi, ile inayogonga kwenye kadi muda wa mfanyakazi kuingia kazini.

"Mama, mbona nimeshakumalizia?" Jarrod alisema. "Jumapili alfajiri itaruka saa nzima yenyewe. Wewe lala zako."

"Sitaki saa nzima. Nataka nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya saa, baba. Dakika thelathini."

Fundi akamsahihisha: "Mama, hakuna mahali duniani saa inaruka nusu."

"Papo. Mimi nimezaliwa hapa."

Jarrod akacheka, akidhani anataniwa. Nerida hakucheka. Alimwambia amfundishe jinsi ya kuuzuia mtambo usijisogeze wenyewe, na hiyo nusu ataisogeza kwa kidole chake. Fundi akamfundisha, ila sauti yake ilikuwa ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

Mwaka mwingine Nerida asingeumiza kichwa hivyo. Lakini Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya kazi ya Hollis Tarrant, mkwezi wa mbegu. Kwa miaka thelathini na tisa Hollis alikuwa amefunga mkanda miguuni na kupanda mikentia, ile ambayo watu wa ng'ambo huiweka sebuleni, akishuka na vichala vya mbegu mkononi. Kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Anayegonga kadi yake kabla ya saa moja asubuhi hupata wino mweusi. Ikishapita hata dakika moja, wino ni mwekundu, na huo haufutiki. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na kitaluni kulikuwa na desturi. Mfanyakazi akistaafu bila kuchelewa hata siku moja, kadi yake ya mwisho hupigiliwa juu kabisa kwenye boriti ya banda la kufungashia miche. Pale juu palikuwa na kadi moja tu, imeshika vumbi hadi haisomeki kutoka chini. Ilikuwa ya Wilf Tarrant, baba yake Hollis. Hollis alianza kazi siku moja baada ya baba yake kuacha, na tangu siku hiyo alikuwa akiitazama kadi ile kila akipita. Alikuwa na hamu moja tu: yake ikae kando ya ile.

"Neri, hiyo mashine yako isije ikaniaibisha dakika za mwisho," alimwambia Nerida wakinywa chai.

"Wewe shughulika na miti yako. Mambo ya saa niachie mimi."

"Nakuachia. Lakini usingizi sipati."

"Kunywa maziwa ya moto, mzee. Tena unapumulia chai yangu."

Jumamosi mchana, wenzake walipokwisha kwenda nyumbani, Nerida alizunguka kuziandaa saa zote. Kompyuta tatu za ofisini zilikuwa na akili kuliko wauza saa: kisiwa kimo kwenye orodha yao kwa jina lake, nazo zingejisogeza zenyewe usiku. Alizikagua hata hivyo. Akasogeza saa ya mabomba ya kumwagilia miche, akasogeza kengele ya chakula, akasogeza na saa ya jiko la umeme pale jikoni, ambayo haijapata kusema kweli tangu inunuliwe. Mwisho akaiendea saa ya kadi. Ufunguo wa kifuniko chake ulining'inia msumarini kando yake, wazi kwa kila mtu, maana kisiwani hapo kumfungia jirani kitu ni kama kumtukana. Akafungua, akazima ule ujuaji wa Jarrod, akabonyeza dakika thelathini mbele, akalinganisha na saa yake ya mkononi aliyokuwa ameisogeza asubuhi. Zikapatana. Moyo wake ukatua.

Kazi hiyo alikuwa amefundishwa na shangazi yake Beryl, aliyekuwa mtunza saa kabla yake, mwanamke mkali kama siki. Shangazi alikuwa na amri moja: "Ukiigusa saa, andika." Kila mwaka baada ya kuisogeza, karatasi ilibandikwa kandoni, IMESOGEZWA, na kila mtu kitaluni aliizoea. Nerida alikuwa ameshika kalamu tayari simu ilipolia ofisini. Ilikuwa dada yake akiuliza kama keki ya kumuaga Hollis iwe ya pasheni au ya chokoleti. Walibishana robo saa nzima. Pasheni ikashinda, na Nerida akapanda baiskeli yake akaenda kununua mayai. Karatasi ilibaki mezani, nyeupe.

Jumatatu alikusudia kufika wa kwanza. Angefika, kama si keki. Jaribu wewe kuendesha baiskeli kwa mkono mmoja huku umekumbatia keki yenye krimu, barabara yenyewe imejaa bata wanaovuka kwa mwendo wa maharusi. Alipoingia uani aliona baiskeli ya Hollis imeegeshwa ukutani, na kabla hajashuka kwenye yake akasikia saa ya kadi ikigonga: kachak.

Hollis alikuwa amesimama mbele ya saa, amevaa shati jipya. Hakugeuka.

"Neri," alisema polepole, "njoo uone hii."

Kadi ilikuwa mkononi mwake. Wino mwekundu: saa mbili kasoro dakika kumi.

Nerida alitua keki juu ya gunia la udongo bila kutazama. Aliangalia saa yake ya mkononi: saa moja kasoro dakika kumi. Akachungulia ofisini; kompyuta nazo zilisema hivyohivyo, saa moja kasoro dakika kumi. Ni saa ya kadi peke yake iliyokuwa imekimbia mbele saa nzima. Neno la kwanza lililomjia lilimhusu Jarrod, nalo halifai kuandikwa hapa.

"Niliisogeza mwenyewe Jumamosi," alisema. "Nusu, Hollis. Nakuapia ilikuwa nusu, na nikaihakiki."

Hapo akaingia Garth, meneja wa kitalu, akipiga mluzi. Aliwakuta wote wawili wameitumbulia macho saa. "Kuna nini? Mbona mmenuna kama msibani?"

"Saa imezidi saa nzima," Nerida alisema.

Mluzi wa Garth ukakatika. Akajikuna shingo. "Jana nilipita hapa nikitoka kuvua samaki," alisema. "Sikuona karatasi. Nikasema, masikini Nerida amesahau, na kesho ni siku ya Hollis. Nikaisogeza nusu."

"Hukuitazama kwanza inasema saa ngapi?"

"Ningeipimia na nini? Ofisini sikuingia na harufu ile ya samaki. Jana Jumapili. Nani huvaa saa Jumapili?"

Ilikuwa kweli. Kisiwa kizima hakuna anayevaa saa Jumapili, na simu za mkononi hazishiki mtandao. Nerida alihesabu kwenye vidole: nusu moja ndiyo iliyotakiwa, na Garth kaongeza nusu moja ya kuzidi. "Lakini hii imezidi nusu mbili," alisema. "Bado nusu moja haina mwenyewe."

Hollis akavua kofia. Akaizungusha mikononi kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Mimi," alisema.

"Wewe?"

"Jana usiku. Usingizi ulinikataa, nimekuambia. Nikapanda baiskeli nije kuona. Karatasi hakuna. Nikasema nikusaidie."

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Garth alikuwa wa kwanza kucheka, kisha Nerida, akicheka huku machozi yanamtoka, na Hollis akatabasamu kwa sababu wenzake wanacheka. Kisha wote watatu wakaitazama tena ile kadi na kicheko kikaisha. Nerida alijua kosa ni la nani. Ile karatasi tupu mezani ilikuwa yake, nayo ilimchoma kuliko yote.

"Nitawaandikia wale wa bara waliotuuzia saa," Garth alisema. "Watume kadi nyingine, tugonge upya."

"Ikigongwa upya si ya leo," Hollis alisema. "Kadi ni kadi. Iacheni." Akaiweka kadi mfukoni, akajikaza, sauti yake ikawa nyepesi kupita kiasi. "Basi nipande kwanza nikamuage mzee wangu pale juu. Nilipanga kumpelekea jirani, sasa nitampelekea salamu tu."

Alivua viatu, akafunga mkanda wake miguuni, akaipanda nguzo ya banda kama alivyopanda mikentia maisha yake yote, bila haraka, miaka sitini na mbili na magoti yasiyolalamika. Kule juu kwenye boriti akatoa leso, akapangusa vumbi kwenye kadi ya baba yake. Akasogeza uso karibu. Akakaa hivyo kwa muda mrefu mno.

"Mzee, kuna nyuki huko?" Garth aliuliza.

"Nyekundu," Hollis alisema.

"Nini?"

"Ya baba nayo ni nyekundu." Alianza kutikisika, na Nerida akaogopa ataanguka, hadi akasikia kwamba anacheka. "Saa moja na dakika ishirini na mbili. Miaka yote ile nakula naye mezani, kila asubuhi ananiambia, Hollis, kimbia, mimi sijawahi kugonga nyekundu. Mwongo mkubwa yule."

"Imefikaje huko basi, kama alichelewa?" Garth aliuliza.

"Ngoja. Kuna maneno ya penseli chini yake." Akasoma polepole, akifuatisha kwa kidole. "Wilf hakuchelewa. Saa ndiyo iliyotangulia. Kosa langu, nimesogeza nzima badala ya nusu. B. Dowsett."

Nerida akaelewa. Mwaka ule Wilf alioacha kazi ndio mwaka kisiwa kilipoacha kusogeza saa nzima na kuanza kusogeza nusu, na mkono wa shangazi Beryl, shangazi yule yule aliyemfokea hadi machozi kwa kosa la dakika mbili, ulikuwa bado na mazoea ya zamani. Ndiyo maana, ukiigusa saa, andika. Alikuwa amemrithisha amri bila kumwambia ilikotoka. Nerida alimpenda shangazi yake wakati huo kuliko alivyowahi kumpenda akiwa hai.

"Hollis," aliita, "niangushie kadi yako. Upesi, kabla sijalia."

Kadi ikashuka ikipeperuka. Nerida akachomoa penseli nyuma ya sikio, akaandika kwa mwandiko wake bora kabisa: Hollis hakuchelewa. Saa ndiyo iliyotangulia. Kosa langu, sikuandika. N. Dowsett. Garth akaomba penseli, akaongeza chini: na langu. Kisha akaifunga pamoja na nyundo na msumari kwenye kamba aliyoishusha Hollis, na vitu vikapanda.

Misumari ya bandani hapo ni ya zamani na boriti ni ngumu, lakini Hollis aliipiga mara tatu tu. Kadi mbili zikakaa bega kwa bega, nyekundu kwa nyekundu. Alizitazama mpaka akatosheka, akashuka, akapokea kipande cha keki ya pasheni iliyolala upande mmoja kwa sababu ya gunia.

"Neri," alisema, mdomo umejaa, "miaka thelathini na tisa naamka kabla ya ndege kwa kuiogopa kadi ile. Ningejua, si ningelala?"

"Ungelala, na kadi yako isingefika huko."

Hollis akakata kipande cha pili. Garth alikuwa amekwisha kuirudisha saa mahali pake, na kando yake Nerida alikuwa akibandika karatasi yenye herufi kubwa: IMESOGEZWA. NUSU. MSIIGUSE. Ilikuwa saa moja na nusu, saa ya kweli, Hollis alipovaa kofia yake, akachukua mkanda, na kutoka kwenda mitini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alianza kazi nusu saa baada ya wakati wake, na hakuwa na haraka yoyote.