Pipa Linatosha

Bei ya punguzo ilikuwa inaisha siku hiyo, ndiyo maana Leonida alimpeleka mama mkwe wake, Nerima, mpaka dukani Tororo, Uganda, na goti lake bovu. Nerima alikuwa akiteka maji kisimani Buteba tangu alipoolewa. Sasa Leonida, mke wa mwanawe na muuguzi wa Busia upande wa Kenya, alikuwa ameahidi kumnunulia tangi.

Leonida alitumia kadi ya mkopo, na nyumbani kadi hiyo ilikuwa na sheria yake: hainunui kitu ambacho bahasha yake ya akiba haijajaa. Bahasha ya tangi ilikuwa na elfu kumi na mbili za Kenya, zikingoja bili ya kadi ya mwisho wa mwezi. Hesabu alikuwa ameipiga kwa bei ya wabadilisha pesa wa mpakani, ikatoka sawasawa.

Joanita, msichana wa dukani, aliipokea kadi, akaigeuza, akasita.

"Mama, hii ni ya benki ya Kenya?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Benki haibadilishi kama watu wa mpakani. Bei ni yao, halafu wanakata ada yao juu. Itafika elfu kumi na tatu na kitu."

Angeweza kunyamaza akauza. Nerima aliliona hilo.

Aliona pia uso wa Leonida ulivyobadilika. Hiyo elfu na zaidi ingetoka wapi, kama si kwenye bahasha ya karo ya Egesa, mjukuu wake Nerima? Lakini kurudi nyuma mbele ya mama mkwe si kazi ndogo.

"Kata tu," Leonida alisema, bila kumtazama mtu.

"Ngoja kwanza, binti." Nerima alilizunguka tangi, akaligonga kama anayechagua fenesi. "Hili jitu nitaliweka wapi? Majirani watasema nimefungua bwawa."

"Mama, si ulisema unalipenda?"

"Nililipenda kabla sijaliona."

Joanita akacheka. Nerima akanyoosha kidole kwenye pipa la buluu lenye mfuniko. "Nipe hilo, na mfereji wa kukingia maji ya mvua ya bati. Bahasha itatosha?"

"Itatosha, na nyingine itabaki," Leonida alijibu.

"Basi."

Kadi ikapita. Maji ya pipa lile yangetosha siku tatu, kisha njia ya kisimani ni ileile. Nerima alilijua hilo.

Kwenye ngazi za duka Leonida alimshika mkono, akaenda kwa mwendo wa lile goti.

"Mama, bahasha ya tangi sitaifunga."

"Usiifunge," Nerima alisema. "Lakini mtoto asome kwanza."